Komeo la Bunduki ya Shemeji

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Shemeji Azarias amefika kutoka Cheektowaga, kando ya Buffalo. Masaa tisa barabarani, na bado anaongea. Ni kaka mkubwa wa Dative, mke wangu, kwa hiyo ni mkubwa wangu pia, hata nikimzidi kimo. Kabla ya salamu amefungua buti la gari, akatoa kitu kirefu kilichofungwa kwa kitenge. Bunduki! Dative amesema hicho kitu hakikai meza moja na sufuria yake ya sombe. Tumekiweka juu ya kabati, kitupu, nimehakikisha mara tatu.

Ni ya zamani sana, ya kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu. Ameinunua kwa jirani aliyekuwa anahama. Katikati ya miaka hiyo yote mtu fulani aliibadilisha: akang'oa mtutu wake, akaweka mwingine wa risasi kali zaidi. Nani huyo, na alijua nini? Hakuna karatasi. Shemeji anataka kuwindia kulungu mwezi ujao. Shida yake ni komeo, kile chuma unachosukuma mbele kwa mkono, ukakilaza, kikafunga nyuma ya risasi. Linakwaruza.

"Ingénieur," ameniambia, "culasse iko nguvu sana. Lakini kwa weye hii ni kazi ya dakika tano, donc nimekuletea."

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mimi si ingénieur. Sijasomea uhandisi. Bukavu nilikuwa nasaga mihogo. Moulin, ile mashine ya kusagia, ikigoma niliipiga nyundo mahali fulani, ikawaka, watu wakashangaa, na mimi wa kwanza. Tulipofika Louisville, mchungaji aliuliza kila mtu kazi yake. Kabla sijafungua mdomo shemeji, aliyekuja kutupokea na aliyeniita hivyo tangu posa, akanijibia: ingénieur. Kanisa zima likapiga makofi. Utakataaje makofi? Kiwandani hapa South End napakia vyuma kwenye mashine, nabonyeza kitufe cha kijani, natoa vyuma. Kikiwaka chekundu namwita mtu.

Nimemjibu shemeji: "Dakika tano ni nyingi."

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefanya. Kiwanda kina chumba cha nyuma ambako Bwana Wendell, mwenye mali, na mafundi wake wawili hutengeneza bunduki za walenga shabaha. Mimi huko huingia na ufagio. Leo wakati wa chakula niliingia na komeo la shemeji mfukoni. Bunduki yenyewe ilibaki nyumbani.

Komeo lina meno mawili mbele. Risasi ikilipuka, meno hayo ndiyo yanayozuia kila kitu kisirudi nyuma. Nikaona migongo yao ina makwaruzo. Nikalifunga kwenye kerezo la zamani la kuchongea chuma, lile la kuzungusha kwa mkono. Mwanzoni kisu kililia, kikatoa vumbi tu. Nikakaza. Halafu sauti ikabadilika ghafla, ikawa laini, tamu, na chuma kikaanza kutoka kama ganda la kiazi. Nikajisemea: naam, mkono umekumbuka! Mkono ukumbuke nini, mihogo?

Nimetoa kidogo tu, unene wa kucha. Nimesugua kwa msasa mpaka nikajiona ndani yake. Nilipendeza.

Jumatano, 8 Oktoba

Shemeji kaondoka asubuhi. Amefungua na kufunga ile bunduki mara ishirini sebuleni, anacheka peke yake. "Inateleza sawa mlango ya frigo."

Dative aliuliza kama kuna mtu wa kiwandani aliyeitazama. Nikamuuliza kwani mimi ni mtu wa wapi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Kiwandani kuna Mama Loretta. Anapima kila kitu kabla hakijatoka mlangoni. Miaka sitini na kitu, miwani miwili, moja machoni na nyingine imesahauliwa kichwani. Leo amerudisha sanduku zima la vyuma vyangu. Nikauliza kosa. Akanionyesha kimashine kinachobonyeza chuma kwa ncha ndogo ili kujua ugumu wake. Akabonyeza ambacho hakijakatwa: kigumu. Changu: laini. Akasema chuma cha namna hii ni kama mkate, nje gamba gumu, ndani nyama laini. Aliyekiandaa alitia ugumu kwenye ngozi tu. Ukikata kupita ngozi umebaki na nyama.

Nikamuuliza mtu atajuaje kwamba amepita ngozi.

Akasema ni rahisi. Kisu kinalia, kinalia, halafu kinaanza kukata vizuri. Mjinga anafurahi hapo.

Nilifurahi hapo! Nilifurahi kwa sauti!

Nikamwambia nina rafiki, tena rafiki wa mbali, aliyekata meno ya komeo la bunduki ya zamani. Mama Loretta alivua miwani ya kwanza. Akauliza ya mwaka gani. Nikasema. Akauliza kama mtutu ni uleule. Nikasema uliwekwa mwingine, wenye nguvu zaidi. Akavua na ile ya kichwani. Alieleza taratibu, kama anayempa mtu habari za hospitali. Bunduki za zamani hizo nyingi zina ngozi tu. Kila risasi itayasukuma meno laini nyuma kidogo. Nafasi itaongezeka. Ganda la risasi litanyooka kujaza nafasi hiyo, mpaka siku moja litapasuka, na moto badala ya kwenda mbele utarudi. Nyuma ya komeo kuna nini? Akajigusa jicho la kulia.

Kisha akauliza kitu kingine. Aliyekata ni nani, na aliyepima ni nani? Nikasema ni mtu mmoja. Akasema, basi hakuna aliyepima.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimempigia shemeji. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi. Sentensi ya kwanza: "Shemeji, nilikosea." Alipopokea akaanza kunisifu, na karatasi ikaingia mfukoni yenyewe.

Amekwisha kuipiga risasi kumi, kwenye uwanja wa shabaha. Zote zimeingia. Bon, anasema, siku hizi inakuwa nguvu kidogo kuifungua ukishapiga, lakini si imetengenezwa juzi tu? Itazoea. Amenitumia picha ya maganda ili nifurahi. Binti yangu Séphora, ana miaka kumi na minne, alinikuzia picha kwenye simu. Akauliza kwa Kiingereza kwa nini kila ganda limevaa pete.

Kweli. Karibu na kitako cha kila ganda kuna mstari unaong'aa. Ndipo linaponyooka. Ndipo litakapopasukia.

Nilimpigia tena. Nikamwambia asiipige kwanza, nataka kuipa "finition", yaani kuimalizia ipendeze. Ndiyo, nimetumia neno hilo. Akasema hakuna haraka, msimu wa kuwinda unafunguliwa tarehe 15 Novemba, na kabla ya hapo tuna harusi ya Gloire, binti yake. Tutaonana Columbus.

Afadhali. Nitamwambia ana kwa ana. Mambo ya wakubwa hayasemwi kwenye simu. Uoga ukitaka nguo, mila zetu zinazo za kila saizi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimemwambia Mama Loretta kwamba yule rafiki ni mimi. Akasema alijua, marafiki wa mbali hawatokwi jasho namna ile. Hakucheka. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, ile bunduki isipigwe hata mara moja, na komeo nimletee alipime. Yeye hatalitengeneza na hakuna wa kulitengeneza: kazi yake itakuwa kuandika kwamba limekufa. La pili, nimwambie Bwana Wendell mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu.

Nikamweleza kwamba kwetu huwezi kumwambia kaka wa mke wako, kwenye simu, kuwa umemharibia kitu na kwamba hukuwa unajua kazi. Akauliza: kwenye mazishi yake mnaruhusiwa?

Jumatano, 29 Oktoba

Nimemwambia Bwana Wendell. Hakupiga kelele. Amechukua ufunguo wa chumba cha nyuma na akasema ufagio wa huko atampa mwingine. Kisha akauliza kama hiyo bunduki imezuiliwa. Nikasema iko njiani kuzuiliwa. Sielewi jibu hilo lilitoka wapi.

Jumamosi, 8 Novemba. Columbus

Naandika hotelini, bado nimevaa tai. Sistahili kuivua.

Gloire, binti wa shemeji, ameolewa na Cyubahiro. Kijana mpole, anafanya kazi ghala moja na shemeji huko Buffalo. Harusi imekuwa hapa kwa sababu mama wa kijana, Mama Nyirakamana, anakaa Clintonville, mtaa wa hapahapa. Upande wao ni watu wa milimani, wafugaji, sisi ni watu wa Bukavu, na vita vya kwetu vilituacha bila salamu. Ilichukua miezi minane ya vikao, tena kwa kuchunga kila neno, mpaka pande mbili zikakubaliana. Wazee wawili walianza kusalimiana kwa ajili ya harusi hii. Sifanyi mchezo nikisema hivyo.

Ng'ombe wa mahari, kama kawaida ya Amerika, walikuja kwa maneno. Mjomba wa bwana harusi, Mzee Sebagabo, alisimama akawasifu ng'ombe wanane ambao hakuna aliyewaona, pembe zao, mwendo wao, yule wa baka jeupe. Tukapiga makofi kama wanaoogopa kukanyagwa. Nilikuwa nangoja shemeji amalize nimvute pembeni, karibu na friji ya soda. Sentensi ya kwanza ninayo kichwani.

Ndipo shemeji akashika mikrofoni. Akasema ng'ombe hawapokewi kwa mikono mitupu. Mtu anayechukua binti yake lazima ajue kuchunga nyumba na kuleta nyama. Akatoa picha kubwa yenye fremu, imefunikwa na kitenge kilekile. Akafunua.

Bunduki!

"Ninamupatia mukwe wangu bunduki yangu. Makaratasi tutafanya kwa duka siku ya alhamisi, sawa sheria inataka. Na samedi, siku ya kufungua kuwinda, ni yeye atapiga ya kwanza. Haiko bunduki ya bure bure. Imetengenezwa na Ingénieur wetu, shemeji yangu. Ingénieur, simama bakuone."

Watu mia mbili wakageuka. Hapa ndipo mtu mwenye akili anaposema: jamani, subirini. Mikrofoni ilikuwa hatua tatu kutoka kwangu.

Nilisimama. Nikapunga mkono.

Vigelegele. Mama Nyirakamana akaja mpaka mezani, akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu aibariki mikono hii, sasa mwanawe ana chuma cha baba mkwe. Nikasema amina.

Amina!

Jumapili, 9 Novemba

Tumerudi Louisville. Karibu na Cincinnati nilimwambia Dative kila kitu, kuanzia ganda la kiazi. Séphora nyuma alitoa vidude vyake masikioni, nikajua naye anasikiliza.

Mwishowe Dative akauliza: "Papa Séphora, miaka kumi na saba uliniambia uko ingénieur?"

"Sikusema mimi. Nilikosa tu kukataa."

"Ni kintu moja."

Ni kitu kimoja kweli. Akaniambia akipiga simu yeye, kaka yake atasema ni woga wa wanawake, na mimi nitabaki ingénieur na Cyubahiro atabaki bila uso. Lazima niseme mimi. Halafu akalia, na mimi nikapita njia yetu ya kutokea.

Jumatano, 12 Novemba

Nimesema. Kwenye simu, nimesimama kwenye maegesho ya kiwanda, baridi inanipiga. Shemeji, bunduki ile ni mbovu, niliiharibu, isipigwe.

Alicheka. Akasema najishusha, ndiyo tabia ya wasomi. Nikasema si kujishusha, meno yamepoteza ngozi. Akasema amepiga kumi na ameona kwa macho yake. Nikasema angalia pete kwenye maganda. Hapo sauti yake ikabadilika, lakini si nilivyotaka.

"Unataka niende kwa Sebagabo niseme nini? Kama zawadi ya binti yangu ni fer, chuma ya kutupa? Banatupatia ng'ombe munane, sisi tunabapatia mauti? Shemeji, kama ulikuwa unaitaka ile bunduki, ungesema mbele."

Akakata.

Nimempigia Cyubahiro. Kijana kasikiliza vizuri. "Ndiyo, papa. Nimesikia, papa." Kisha akasema ataongea na baba mkwe, atafanya atakachoambiwa. Ni mkwe wa siku nne. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile, na ndicho kinachoniogopesha.

Mama Loretta ameniandikia kadi, kwa Kiingereza, herufi kubwa: bunduki hii isipigwe, sababu moja, mbili, tatu, na namba yake ya simu. Akasema kama hawaniamini mimi, wamwamini mwanamke mzee asiyewajua. Nikamuuliza kwa nini anahangaika. Akasema ndiyo kazi, kupima ni hiyo, mengine ni vyuma tu.

Bwana Wendell amenipa Ijumaa na Jumamosi. Bila malipo, amehakikisha nimelisikia hilo.

Ijumaa, 14 Novemba. Kituo cha mafuta, Columbus

Nimetoka alfajiri peke yangu. Kahawa mbaya. Shemeji hapokei. Dative amempigia mke wa shemeji, akaambiwa makaratasi ya dukani yalikwisha jana, na leo jioni wote wanakutana nyumbani kwao kuiombea safari ya kesho. Saa kumi jioni.

Najizoeza ndani ya gari. "Mimi si ingénieur." Nimelisema mara tatu. Mwanamke wa pampu ya pili amefunga madirisha yake.

Ijumaa hiyohiyo. Cheektowaga

Naandika nyuma ya kadi ya Mama Loretta, nimekaa juu ya choo cha shemeji. Mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Nilifika saa kumi kasorobo, theluji kidogo barabarani. Watu kumi na watano sebuleni. Shemeji alinikumbatia mbele yao kana kwamba Jumatano haikuwepo. Mzee Sebagabo amekuja kutoka Columbus. Cyubahiro kavaa fulana ya kuwindia, ya rangi ya machungwa, mpya, bado ina lebo. Mama Nyirakamana alinishika mikono tena. Mchungaji Jules wa kanisa lao alikuwa anatafuta Zaburi. Bunduki imelazwa juu ya meza ya chakula, kitenge chini yake.

Nikamwomba shemeji dakika moja jikoni. Akasema baada ya maombi. Nikampa kadi. Akaikunja, akanirudishia, bila kuisoma. Nikasema kwa sauti kidogo: kesho isipigwe. Mzee Sebagabo akainua macho. Shemeji akacheka haraka, akasema Ingénieur anataka tu kuikagua mara ya mwisho, mafundi ndivyo walivyo.

Na mimi? Nikasema ndiyo, kuikagua.

Nikalitoa komeo. Linatoka kwa urahisi, kwa hilo nilifanya kazi nzuri. Nikasema nahitaji mwanga, nikaja huku.

Sasa ninalo mkononi. Nimepitisha ukucha kwenye mgongo wa jino la kwanza. Ukucha umekwama. Pale nilipojiona kama kwenye kioo kuna shimo, kama ubao laini uliopigwa nyundo. Jino la pili hivyohivyo. Risasi kumi tu zimefanya haya. Hakuna tena cha kubishana, hata mimi naelewa.

Bila hiki chuma bunduki ni fimbo. Naweza kukitia mfukoni, nikapita dirishani, nikawasha gari. Kesho hakuna atakayekufa. Shemeji atasema nimeiba zawadi ya harusi, wa milimani watasema watu wa Bukavu hutoa kwa mkono huu na kuchukua kwa ule, na mimi nitakuwa Louisville, mwizi, lakini ingénieur. Dirisha ni dogo ila nimeshalipima. Kwa jicho! Sijifunzi.

Wamenyamaza. Wananingoja mimi waanze kuomba.

Cyubahiro amegonga. "Papa, kuko problème?" Amesema kwa sauti ndogo, asisikike sebuleni. Kumbe kijana anauliza kweli. Anataka mtu amwambie. Nimesema nakuja.

Hatua nyingine. Nzito. Shemeji.

"Ingénieur, uko mule?"

Akagonga tena. "Ingénieur. Batu banangoya."

Nimesema, kwa sauti ya kufika sebuleni: "Shemeji, ingénieur hayuko humu. Hakuwahi kuwepo. Ni Mirindi, wa moulin."

Huko nyuma mtu amefunga Biblia, nimeisikia. Naona vivuli vya miguu yake chini ya mlango, haviondoki.

Kisha, polepole, jina ambalo hajaniita tangu nimwoe dada yake:

"Mirindi. Fungula. Leta hiyo kintu niione."